Kilowati tano Mikindani: hesabu ya fundi na hesabu ya LUKU

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mikindani, Mtwara. Nyumbani tuna friza mbili ambazo mke wangu anauzia barafu na kuhifadhia samaki, friji moja, pampu ya maji ya hosipawa moja, na kiyoyozi cha chumbani tunachowasha usiku. LUKU inakula kama 120,000 kwa mwezi. Fundi amenishauri nifunge sola ya kilowati 5 ya kuunganishwa na umeme wa TANESCO, bila betri. Ameniandikia hivi: paneli 10 za wati 550 kwa 330,000 kila moja, inveta ya kilowati 5 kwa 2,600,000, reli na vishikizo vya paa 1,200,000, waya na breka 900,000, ufundi na usafiri 1,500,000. Jumla 9,500,000. Anasema hela itarudi ndani ya miaka mitatu na kidogo, ziada TANESCO watainunua, na umeme ukikatika kwetu kutaendelea kuwaka. Dukani ipo pia inveta ndogo ya kilowati 1.5 kwa 900,000, lakini yeye anasema hiyo ni ya kuchezea. Fedha yenyewe ni ya kiinua mgongo. Nifunge?

Jibu: Shikamoo Mwalimu.

Hiyo ya kilowati 5 usifunge. Ukiamua kufunga, funga ile anayosema ni ya kuchezea, na hata hiyo usiinunue kabla hujakaa wiki moja ukisoma mita yako.

Sidhani fundi wako ni tapeli. Hesabu yake naiona alivyoipiga. Kilowati moja ya paneli hapa Mtwara, ukishaondoa kinacholiwa na joto, vumbi, waya na inveta yenyewe, inatoa kama uniti 4 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Paneli 10 za wati 550 ni kilowati 5.5, kwa hiyo uniti 22 kwa siku. Uniti moja wewe unainunua kwa shilingi 356: bei yenyewe ni 292, juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, ndiyo maana shilingi 10,000 inakupa uniti 28. Zidisha 22 kwa 356 kwa siku 365, unapata kama 2,860,000 kwa mwaka. Gawa 9,500,000 kwa hiyo, ni miaka mitatu na miezi minne. Hapo hajakosea hata nukta.

Ila wewe hununui uniti 22 kwa siku. Toa kwanza kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa humo humo kwenye LUKU, zinabaki 118,500, nazo ni uniti 333 kwa mwezi, yaani 11 kwa siku. Hata kama sola ingefuta LUKU yako yote hadi sifuri, usingeokoa zaidi ya 1,420,000 kwa mwaka, na hela yako ingerudi baada ya miaka sita na miezi minane. Miaka mitatu imeshakufa kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni saa. Mfumo usio na betri hauweki kitu. Umeme unaotoka kwenye paneli saa sita mchana unatumika saa hiyo hiyo ndani ya nyumba, la sivyo unatoka kwenda kwenye nguzo. Paneli zinaanza kutoa umeme wa maana saa mbili asubuhi na kufikia saa kumi jioni zimeshalegea. Kinachotumika nyumbani kwako nje ya saa hizo, sola hii haikigusi.

Nimejaribu kuzigawa hizo uniti 11 kwa vifaa ulivyotaja. Friza mbili za kuuzia barafu, zinazofunguliwa kutwa na kuwekwa maji yenye joto la hali ya hewa yetu, naziwekea uniti 4. Friji 1.5. Kiyoyozi kikiwaka kwa muda wa saa tano au sita usiku, uniti 3. Pampu ya maji ikifanya kazi saa moja, kama 0.75. Zinazobaki, karibu 1.75, ni taa, feni, televisheni, pasi na birika. Sasa uangalie ni zipi za mchana. Kiyoyozi chote kinatoka, maana ni cha usiku. Taa zinatoka. Friza na friji zinafanya kazi saa 24, kwa hiyo sehemu yao ya mchana ni kama mbili ya tano, tuseme 2.3. Pampu ukiiwasha mchana, 0.75. Feni, televisheni na pasi, labda 0.9. Jumla haifiki hata uniti 4.

Kwa hiyo paneli 10 zitatoa uniti 22, wewe utatumia 4, na 18 zitakwenda zao. Uniti 4 kwa siku ni 520,000 kwa mwaka. Gawa 9,500,000 kwa hapo: miaka 18. Inveta nyingi zina waranti ya miaka 5 hadi 10, kwa hiyo kabla hela haijarudi utakuwa umeshanunua inveta nyingine.

Mgawanyo huo ni makisio yangu. Wako uko kwenye mita. Saa mbili asubuhi soma uniti zilizobaki uandike na nukta zake. Saa kumi jioni soma tena. Tofauti ndiyo matumizi yako ya mchana. Ukiingiza tokeni katikati, ijumlishe. Fanya hivyo wiki nzima, Ijumaa iwemo, na siku ya kupiga pasi iwemo. Namba hiyo moja ndiyo inayopima ukubwa wa sola yako. Ukubwa wa paa haupimi kitu, bili ya mwezi haipimi kitu, na kilowati alizofunga jirani ndiyo kabisa. Ukiipata igawe kwa 4, utapata kilowati za paneli. Ukitaka kupandisha kidogo kwa ajili ya siku za mawingu, pandisha nusu kilowati, usipandishe mara tano.

Tuseme mita imekuthibitishia uniti 4. Ile inveta ya kilowati 1.5 na paneli tatu tu, kwa bei hizo hizo za fundi wako: paneli 990,000, inveta 900,000, reli weka 400,000, waya, breka na vifaa vya kinga 500,000, ufundi 600,000. Ongeza 200,000 kwa kidude nitakachokieleza chini. Ni kama 3,600,000. Paneli tatu zitatoa uniti 6.6 kwa siku. Usipobadili chochote nyumbani utazitumia labda 3.5, maana friza zinawaka na kuzima, wingu linapita, na pampu ikianza inavuta kuliko jua linavyotoa. Hiyo ni 455,000 kwa mwaka, karibu miaka minane. Si mbaya, ila sikusifii.

Panapoanza kunoga ni pale mama mwenye friza akiingia kwenye hesabu. Barafu ya kesho igandishwe leo kuanzia saa tatu asubuhi, maji yasiwekwe jioni. Friza mfungie taima ya kwenye soketi, ile ya kuzungusha, ilale kwa muda wa saa nne au tano usiku, na mchana iachiwe ifanye kazi kwa nguvu. Friza iliyojaa barafu na isiyofunguliwa haina wasiwasi na saa hizo. Tangi la maji lijazwe saa sita. Pasi ipigwe mchana. Ukifanya hayo, matumizi ya jua yanaweza kufika uniti 5, yaani 650,000 kwa mwaka, na 3,600,000 inarudi kwa miaka mitano na nusu. Tofauti kati ya miaka minane na mitano na nusu hujanunua paneli hata moja, umehamisha saa tu. Wakati mko huko, kagueni mpira wa mlango wa kila friza: bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, mpira umekwisha, na kuubadili kutaokoa umeme wa usiku na mchana kwa gharama ndogo kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye karatasi ya fundi.

Sasa ziada. Kanuni za kubadilishana umeme kati ya mteja na TANESCO zipo, EWURA ilishazitunga: unachopeleka kwenye nguzo kinapunguzwa kwenye unachochukua. Lakini huingii humo kwa kufunga inveta ukutani. Unaomba, mfumo unakaguliwa, mnasaini mkataba, na unafungiwa mita ya njia mbili. Kabla karatasi hiyo haijawa mkononi mwako, kila uniti ya ziada ihesabu kuwa shilingi sifuri. Usiingize hata senti yake kwenye hesabu ya kurudisha fedha, na usikubali fundi aiingize.

Tena inaweza kuwa chini ya sifuri. Mita za LUKU zimeundwa zikiwa na jicho la wizi. Baadhi, umeme ukirudi nyuma kutoka nyumbani kwenda kwenye nguzo, zinauhesabu kama vile umeutumia. Nyingine zinaona mita imechezewa na zinakata. Ungefunga kilowati 5 kwenye mita ya aina ya kwanza, mchana wa jua kali ungekuwa unalipia uniti ulizozitengeneza mwenyewe, na LUKU ingepanda badala ya kushuka. Ndiyo maana niliweka ile 200,000. Ni sensa ya mkondo inayofungwa kwenye waya unaotoka kwenye mita, ikiizuia inveta isitoe zaidi ya kinachotumika ndani. Hakikisha inveta utakayonunua inaipokea, na hakikisha sensa imeelekezwa upande sahihi. Ikigeuzwa, inafanya kinyume cha kazi yake. Kuhakiki ni rahisi: siku ya jua, saa sita, zima vifaa vyote ndani ya nyumba, acha sola peke yake kwa robo saa, angalia mita. Uniti zikipungua, mwite fundi kabla hujamlipa sehemu ya mwisho. Na hata mfumo mdogo kama huu, usiuunganishe na waya wa TANESCO kimyakimya. Wajulishe.

Kuhusu umeme kukatika, hapa fundi amekudanganya au amejidanganya. Inveta ya gridi isiyo na betri inafuata mapigo ya umeme wa TANESCO. Yakipotea, nayo inazima ndani ya sekunde mbili, hata kama jua la utosi linawaka. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi: mtu wa TANESCO akiwa juu ya nguzo ameamini laini imekufa, umeme wa paa lako usimkute huko. Ikizimwa umeme saa tano asubuhi hadi saa tisa, utakaa gizani na paneli zako juu. Na kwa huku kwetu kuna la ziada. Mtwara na Lindi tumeishi miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa, tukilishwa na mitambo ya gesi ya hapa hapa Mtwara, kwa gesi ya Mnazi Bay. Mtandao mdogo unayumba kuliko mkubwa. Volti au mapigo yakitoka nje ya mipaka iliyowekwa, inveta inajitoa hata kama taa za nyumbani bado zinawaka, halafu inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudi. Mwulize fundi kama atakuonyesha kumbukumbu ya inveta inayosema imejitoa mara ngapi. Zilizo nyingi zinaihifadhi.

Utaniuliza basi kwa nini tusiweke betri. Kwa friza sikushauri. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, inavumilia kukatika kwa saa nyingi, kwa hiyo betri yako ni ile barafu iliyomo ndani. Kama shida ni taa, simu na feni moja ya wajukuu, nunua kimfumo kidogo cha pembeni chenye betri yake, kisichogusana na umeme wa TANESCO kabisa. Wakikushawishi ununue inveta ya mseto (inayotumia TANESCO na betri pamoja) na betri kubwa ya lithiamu, usibishane nao, tumia kipimo hiki: betri ya uniti 5 itakupa kama 4 kila usiku, na uniti 4 kwa bei yako ni 520,000 kwa mwaka, ikiwa itajaa kila siku na kumalizwa kila siku. Gawa bei watakayokutajia kwa 520,000. Jibu ni miaka. Lipime na waranti yake.

Jirani yako anaweza kukuuliza na yeye, kwa hiyo niliseme hapa hapa. Kama nyumba yake iko kwenye daraja la D1, la wanaotumia uniti 75 kwa mwezi kushuka chini, analipa 100 kwa uniti, au 122 na tozo zote. Kwake sola ya kuunganishwa hailipi, asijisumbue. Wewe usitegemee kwamba sola itakushusha hadi D1: hata ukiokoa 5 kwa siku utabaki na 6 za kununua, ambazo ni 180 kwa mwezi.

Paa. Mikindani iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa mwaka mzima jua linakaa zaidi upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini kidogo. Upande bora ni kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Usiziweke bapa, chini ya nyuzi 10 maji ya mvua yanatuama na kuacha uchafu kwenye ukingo wa chini. Kama paa lako ni mgongo wa tembo linaloangalia mashariki na magharibi, usijenge majukwaa ya vyuma ili kulazimisha kaskazini. Kwa mwinamo huo hasara ni ndogo hapa kwetu. Muhimu zaidi ni kivuli. Paneli tatu zinaungwa mfululizo, na kuti moja la mnazi likipiga kivuli kwenye moja, linazivuta chini na wenzake. Panda juu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, utazame. Mwembe wa jirani nao uwe kwenye hesabu, maana unakua.

Acha nafasi ya kiganja kati ya bati na paneli ili upepo upite. Paneli ikipata joto inashuka nguvu, kama theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzi joto moja juu ya 25, na bati la mchana linaweza kuipeleka 60. Hiyo peke yake ni zaidi ya asilimia 10.

Kisha chumvi. Nyumba iko karibu na ghuba, kwa hiyo ukiona fundi anashusha fremu za chuma cha kawaida zilizopakwa rangi, mrudishie. Reli ziwe za alumini na boliti za chuma kisichoshika kutu, vinginevyo upepo wa kusi utakuja kuzitafuna baada ya miaka michache tu. Inveta iwe ndani, au kwenye kibaraza kisichopigwa na upepo wa bahari, mbali na jiko la mkaa.

Na salfa. Watu wa Dar hawalijui hili. Kuanzia Juni mashamba ya mikorosho yanapulizwa salfa dhidi ya ubwiri unga, na vumbi lake linasafiri. Ni miezi ambayo huku hakuna mvua, hadi Novemba huko, kwa hiyo hakuna wa kukusafishia. Kama una mikorosho karibu, osha paneli kila baada ya wiki mbili kipindi hicho: asubuhi na mapema kabla kioo hakijapata moto, maji baridi na kitambaa laini, bila sabuni ya unga na bila fagio la chelewa. Waoshaji wasikanyage paneli.

Karatasi mpya utakayomwomba fundi iandike mambo haya kwa majina: aina na wati za paneli, aina ya inveta na volti yake ya kuanzia (paneli tatu mfululizo zikiwa kazini zinatoa kama volti 125, kwa hiyo inveta inayotaka 150 ili iamke haifai), sensa ya mkondo, swichi ya kuzima upande wa paneli, kizuia radi pande zote mbili (wa paneli na wa TANESCO), na fimbo ya shaba ya ardhini yenye waya wake kutoka kwenye reli. Kwenye ile ya kwanza naona "waya na breka" tu, sioni kizuia radi wala fimbo, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili huja na ngurumo. Leseni yake ya EWURA aiweke nakala. Malipo yawe kwa awamu, ya mwisho baada ya lile jaribio la mita la saa sita. Akitaka kupunguza bei, apunguze paneli moja. Kizuia radi na fimbo ya ardhini vibaki.